Samhain, Vėlinės au Día de Muertos: kuchagua kwa muziki na kwa kumbukumbu ya wahenga

Oktoba ikielekea ukingoni, mchana wa nusu ya kaskazini ya dunia unafupika, majani yanapukutika, na watu wanawakumbuka waliotangulia. Kati ya Oktoba 31 na Novemba 2 Waayalandi wana Samhain, Walithuania wana Vėlinės, na Wamexico wana Día de Muertos. Kama unaishi Dublin, Berlin au Houston, kama umepanga likizo ya wakati huo, au kama uko Mwanza tu na unatafuta muziki wa dini za jadi za kwingineko wa kusikiliza jioni, utakuta zote tatu zimetiwa kapu moja: moto, mishumaa, ngoma nzito, roho za mababu. Ukizisogelea, zinatofautiana sana. Anayekwenda kwenye sherehe isiyomfaa hurudi na picha nyingi na moyo uleule mzito aliotoka nao.

Nimechagua hizi tatu kwa sababu kila moja ina muziki ulio hai na ina mahali ambapo mgeni anaweza kufika. Dziady ya Belarus na Zaduszki ya Poland nimeziacha kwa kuwa ni ndugu wa karibu wa Vėlinės, na mengi nitakayosema juu ya makaburi ya Vilnius yanazihusu pia. Skandinavia nimeiacha kwa sababu nyingine. Wengi huingia katika muziki huu kupitia Wardruna, kundi la Norwei lililoanza mwaka 2003, na wana haki ya kulipenda. Lakini muziki huo mgeni atausikia jukwaani zaidi kuliko makaburini, na mimi hapa natafuta mahali ambapo muziki na wahenga bado wanakaa nyumba moja.

Vigezo vyangu ni vitano. Cha kwanza, ambacho kwangu ndicho kinachoamua mengine yote, ni muziki unapigiwa nani: walio hai, waliokufa, au waimbaji wenyewe. Cha pili ni namna wahenga wanavyokaribishwa. Cha tatu ni kama utakachokikuta ni ibada au ni utamaduni, maana msomaji Mwislamu au Mkristo anastahili kujua hilo kabla hajafika. Cha nne ni nafasi ya mgeni. Cha mwisho ni baridi, viza na pesa.

Muziki unapigiwa nani?

Ayalandi inawachanganya wageni. Wanafika wakitegemea kusikia nyimbo za kale za Samhain, na nyimbo hizo hazipo. Hakuna mkusanyo wa nyimbo za sherehe hii uliotufikia kutoka enzi za kabla ya Ukristo. Kilichopo ni muziki wa mpakani, baina ya ulimwengu huu na ule wa pili. Mfano ulio bora kuliko yote ni Port na bPúcaí, muziki wa viumbe wasioonekana, uliotoka visiwa vya Blasket kwenye pwani ya Kerry. Husimuliwa kwamba watu waliokuwa baharini usiku katika mashua nyepesi ya turubai waliusikia ukija juu ya maji, wakaushika, wakarudi nao nchi kavu. Wengine husema walichosikia ni sauti za nyangumi zikipenya kwenye ubavu wa mashua. Ukiusikia kwa fidla moja, au kwa uilleann, lile zumari la mfuko wa hewa unaobanwa kwa kiwiko, hutapata mahali pa kupiga makofi. Unaenda polepole, unasita, unapanda kidogo, unashuka tena.

Kulikuwa pia na caoineadh, maombolezo ya wanawake waliobobea katika kumlilia maiti: jina la marehemu, ukoo wake, mema yake, kisha kilio cha pamoja. Mapadri waliyapiga vita kwa karne kadhaa, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 yalikuwa yamekaribia kutoweka. Msomaji aliyekulia mahali ambapo shangazi wa marehemu huongoza kilio msibani atauelewa muundo wake bila kufundishwa.

Upande wa hadhara ni mwingine kabisa. Katika karne ya 19, huko Cork, vijana walipita nyumba hadi nyumba usiku wa Samhain wakipuliza pembe za ng'ombe, wakimfuata mwenzao aliyejitanda shuka jeupe na kichwa cha farasi, aliyeitwa Láir Bhán. Leo kelele hiyo imehamia kwenye matamasha. Jijini Edinburgh, Uskoti, Beltane Fire Society huandaa Samhuinn: wapiga ngoma, mienge, na pambano la mfalme wa kiangazi na wa majira ya baridi mbele ya bibi kizee Cailleach. Ngoma zake zinagonga kifuani. Lakini iwe fidla ya Kerry au ngoma za Edinburgh, muziki huu unapigiwa walio hai. Unawakusanya na kuwatia moyo wa kuingia miezi ya giza.

Lithuania ni kinyume chake. Hazina yake kubwa ni sutartinės, nyimbo za wanawake wa Aukštaitija, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2010 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Chukua ile ya waimbaji watatu. Wa kwanza anaanza shairi. Akifika kwenye kiitikio, wa pili anaingia na shairi lilelile kutoka mwanzo. Huyo naye akifika kwenye kiitikio, wa tatu anaingia, na wa kwanza ananyamaza. Kwa hiyo wakati wote unasikia sauti mbili tu, moja ikisema maneno na nyingine ikiitikia, zimeachana hatua moja tu ya ngazi ya muziki: do na re kwa pamoja. Kila mwanakwaya ameonywa asiangukie hapo. Hawa wanaingia hapo makusudi na wanakaa hapohapo, mpaka sauti zinagongana na hewa inatetema kama kengele iliyopigwa. Viitikio vyake, kama čiūto na ratilio, vina maneno ambayo hata Walithuania wenyewe hawayatafsiri.

Si nyimbo za wafu peke yake. Ziliimbwa shambani, harusini na kwenye michezo. Katika msimu huu utazikuta pamoja na nyimbo za ibada za Kūlgrinda, kundi lililoanzishwa Vilnius karibu na mwaka 1990 na Inija na Jonas Trinkūnas, waliokuwa nguzo za Romuva, jumuiya ya dini ya jadi ya Kibalti. Utasikia pia kanklės, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya kanuni ya taarabu ingawa ni ndogo na nyepesi, na skudučiai, filimbi ambazo kila mpigaji anashika moja au mbili tu, hivyo mmoja akikosekana wimbo hautimii. Sutartinė huimbwa watu wakiwa wamesimama duara, wanatazamana. Hadhira haimo katika hesabu. Muziki unaimbiwa walio ndani ya duara, na ukiwa nje yake unasikiliza mazungumzo ya wengine.

Mexico inampigia marehemu. Hili mtu hulielewa akifika makaburini, anapoona familia imemlipa mpiga gita na mwenzake wa fidla wasimame mbele ya kaburi moja na kupiga wimbo aliokuwa akiupenda aliyelala pale. Si lazima uwe wa huzuni. Kama baba alipenda nyimbo za ulevi na farasi, basi ndizo atakazopigiwa.

Muziki wenyewe unatofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hiyo ukisema tu kwamba unakwenda Mexico bado hujachagua. Huasteca, upande wa mashariki, sherehe huitwa Xantolo: fidla, jarana na huapanguera, yaani gita dogo na gita nene, waimbaji wakipandisha sauti ghafla hadi ya juu kabisa, na wachezaji waliovaa vinyago wakipita nyumba hadi nyumba kucheza mbele ya madhabahu. Oaxaca, katika vijiji vya Etla, usiku wa Novemba 1 ni wa muerteada: mavazi yaliyoshonewa njuga na vioo, matarumbeta mtaani, watu wanacheza hadi alfajiri. Kando ya ziwa Pátzcuaro, katika jimbo la Michoacán, Wapurépecha wana pirekua, nyimbo za taratibu kwa lugha yao na magita, zilizoingia nazo katika orodha ya UNESCO mwaka 2010. Mwenye masikio ya kupenda upole aende Pátzcuaro. Mwenye miguu isiyotulia aende Etla.

Wahenga wanakaribishwaje?

Hapa Mexico iko mbele, na nasema hivyo bila kuzipuuza zile nyingine mbili. Madhabahu ya nyumbani, ofrenda, ina mantiki ambayo mtu anaweza kuifuata kwa macho. Kuna picha ya marehemu. Kuna glasi ya maji, kwa kuwa ametoka mbali na ana kiu. Kuna chumvi, mshumaa, mkate wa pan de muerto, tamale, na kile alichokipenda hasa: sigara zake, soda yake, kikombe chake cha mezcal, pombe kali ya huko. Maua ya rangi ya machungwa yaitwayo cempasúchil yanapukutwa petali na kutandazwa kuanzia mlangoni hadi mezani ili asipotee njia. Kisha unafukizwa kopali, utomvu wa miti ambayo wataalamu wa mimea wanaiweka katika familia moja na mti wa ubani. Harufu yake haitamshangaza mtu wa pwani. Kwa desturi watoto waliofariki hupokelewa kwanza, Novemba 1, na watu wazima siku inayofuata. Marehemu ni mgeni mwenye jina, na anaandaliwa kama mgeni.

Lithuania inawapokea kwa ukimya. Mwandishi mmoja wa karne ya 16 alieleza karamu za wafu za watu wa Prussia na majirani zao: walikula bila kisu, bila kusema neno, na chakula kilichodondoka chini hakikuokotwa, kiliachiwa roho zisizo na jamaa wa kuzilisha. Wakimaliza, roho ziliambiwa zimekula na kunywa, sasa ziende. Siku hizi karamu hiyo ni ya wachache, lakini ukimya umebaki. Tangu mwaka 2020 Novemba 2 ni sikukuu ya taifa. Familia zinasafiri kwenda vijijini, zinapalilia makaburi, zinaweka vikombe vya mishumaa. Katika makaburi ya Rasos mjini Vilnius, yaliyofunguliwa mwaka 1801 na ambako amezikwa mtunzi na mchoraji M. K. Čiurlionis, mlima mzima unawaka mishumaa, na maelfu ya watu wanapita bila kupaza sauti. Hata makaburi yasiyo na ndugu hupata mshumaa, kwa kuwa mtu akija na wa ziada anaushusha pale alipoona giza.

Na Ayalandi? Desturi ya nyumbani ilikuwepo, na ilikuwa ya upole: usiku wa Novemba 2 mlango uliachwa bila komeo, moto ukachochewa, viti vikapangwa kuuzunguka, maji ya kunywa yakawekwa, watu wakaenda kulala mapema ili wenyewe wa nyumba waliotangulia wakae kwa nafasi. Katika matamasha ya leo jambo hilo halionekani. Kule wafu ni vinyago na viumbe vya kuogofya, na ukimtafuta bibi yako katikati ya mienge hutamwona. Kinachokufikisha karibu zaidi ni ardhi yenyewe. Kilima cha Tara kina kaburi la kale lililojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, Dumha na nGiall, ambalo jua likichomoza mwanzoni mwa Novemba huingia hadi ndani. Tlachtga, karibu na Athboy, ndiko simulizi zinakosema moto mkuu wa Samhain uliwashwa. Huko Rathcroghan, Roscommon, kuna pango la Oweynagat, ambalo maandishi ya kale ya Kiayalandi yanalitaja kuwa mlango wa ulimwengu wa pili. Nenda huko asubuhi, siku ambayo si ya tamasha.

Ibada au utamaduni?

Jambo moja lieleweke kwanza: hakuna iliyo ya jadi tupu kati ya hizi. Kanisa liliziwekea Novemba 1 Watakatifu Wote, na mwishoni mwa karne ya 10 abate Odilo wa Cluny akaanzisha kuwaombea marehemu wote Novemba 2. Desturi za zamani ziliingia chini ya paa hilo. Ukiambiwa na mtu kwamba yeye anafuata upagani halisi usioguswa, mheshimu, lakini usijenge safari yako juu ya dai hilo.

Tofauti iko katika kiwango. Samhuinn ya Edinburgh na Púca Festival, inayofanyika katika kaunti ya Meath, Ayalandi, tangu mwaka 2019, ni maonyesho. Unatazama, unakula, unarudi. Lakini Samhain ni siku ya ibada kwa wafuasi wa Wicca, dini iliyojitokeza Uingereza katikati ya karne ya 20, na kwa Wadruidi wa leo, wanaofufua dini ya kale ya Waselti. Ukialikwa kwenye duara lao, umealikwa kusali.

Romuva ni ibada waziwazi. Moto unaitwa kwa jina la mungu wa kike Gabija, unarushiwa chumvi, unaimbiwa. Lithuania ilibatizwa rasmi mwaka 1387, nchi ya mwisho Ulaya kuacha dini ya jadi, na wafuasi wa leo wanalijua hilo na kulibeba kwa uzito. Mwaka 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa waliponyimwa utambuzi wa dola. Usiwachukulie kama kikundi cha sanaa. Vėlinės ya makaburini, kwa upande mwingine, inafanywa na Wakatoliki, na watu wasio na dini, na kila mtu; kuwasha mshumaa pale hakukufungi na imani yoyote.

Mexico ndiko mpaka ulipochanganyika zaidi. Kwenye meza moja utakuta msalaba, Bikira Maria na kopali. Mkatoliki wa kwetu atajisikia nyumbani. Mwislamu, au Mkristo wa kanisa lisilopokea jambo hili, atakwama kwenye chakula anachoandaliwa marehemu, na namshauri abaki upande wa muziki, na akizuru makaburi asishiriki sadaka.

Mgeni anakaa wapi?

Kuna kisa cha karne ya 11 kinachostahili kukumbukwa. Mshairi Sigvatr, akiwa safarini Uswidi majira haya haya, alibisha hodi nyumba baada ya nyumba akakataliwa zote: ndani kulikuwa na álfablót, tambiko la kifamilia, na mgeni haingii. Yeye alikasirika na kuitungia mashairi. Mimi nawaelewa wenye nyumba.

Edinburgh mgeni ni mteja, na hakuna anayekuonea kero. Vilnius unaruhusiwa kuingia makaburini kama mtu yeyote; vaa mavazi ya heshima, nunua mshumaa getini, zima sauti ya simu. Kwa ibada ya Romuva omba ruhusa kabla. Mexico inatofautiana vibaya: Etla wanakukaribisha ucheze, lakini kisiwa cha Janitzio ziwani Pátzcuaro hujaa watalii kiasi kwamba akina mama wanaokesha na mishumaa hawana pa kukunja miguu. Nenda kijiji kingine cha kando ya ziwa, au usiende na kamera. Gwaride kubwa la Mexico City usilihesabu kuwa mila. Lilianza mwaka 2016, baada ya filamu ya James Bond kuonyesha gwaride ambalo halikuwepo.

Nasisitiza kamera kwa sababu sisi tuna kidonda chetu. Vigango vya Wamijikenda, nguzo walizosimikiwa wazee waliofariki, viling'olewa na kuuzwa, mamia vikaishia katika majumba ya makumbusho na sebule za Marekani, na ni sehemu tu iliyorudishwa Kenya. Walionunua vitu hivyo na kuviweka nyumbani mwao waliviona sanaa. Mtu anayejua hilo hasimami juu ya kaburi la mwenzake ili apate picha nzuri.

Baridi, viza na mfuko

Kwa ufupi. Vilnius mwanzoni mwa Novemba ni baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri, mara nyingi na mvua. Ndiyo nafuu zaidi kwa malazi kati ya miji ya Ulaya niliyoitaja. Ayalandi na Uskoti baridi si kali sana lakini upepo na mvua havikosi. Pátzcuaro iko juu, zaidi ya mita 2,000, na kukesha makaburini kunadai blanketi. Huasteca ni joto.

Viza ndiyo inayowaangusha wengi. Viza ya Schengen inakufikisha Lithuania, haikuingizi Ayalandi wala Uskoti. Mexico kwa muda mrefu imewaruhusu wenye viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen kuingia kitalii bila viza yake. Hakiki ubalozini kabla ya kulipa tiketi. Na hoteli za Oaxaca kwa siku za sherehe hukodishwa miezi mingi kabla.

Ukibaki nyumbani

Wengi wetu hatutasafiri, na hiyo si hasara kubwa kama inavyodhaniwa. Mexico ndiyo inayohamishika kwa urahisi: picha, glasi ya maji, taa, na wimbo ambao marehemu aliupenda. Usitafute pirekua kama babu yako alikuwa mtu wa dansi la Morogoro; ukifuata utaratibu wao, utampigia dansi lake. Samhain ya nyumbani ni moto, viti na fidla moja, bila ngoma. Vėlinės ndiyo ngumu, kwa kuwa sutartinė iliyorekodiwa hupoteza nusu ya nguvu. Spika ya simu inaficha ule mtetemo. Isikilize kwa spika mbili nzuri, chumba kikiwa kimya, au uisikilize ukiwa umefumba macho na hakuna anayekusemesha.

Kwa hali yako

Kama umefiwa mwaka huu na kidonda kibichi, nenda Vilnius, au washa mshumaa makaburini popote ulipo Ulaya ya Mashariki na Kati. Hutatakiwa kucheka wala kucheza, na hakuna atakayekuuliza kwa nini unalia.

Kama msiba umepita miaka kadhaa na unachotaka sasa ni kumtaja mtu wako kwa furaha, Mexico ndiyo yako. Uliyezoea shughuli ya kuondoa tanga hutaona ajabu chakula na muziki kukaa karibu na kaburi. Chagua jimbo kwa muziki, kama nilivyoeleza, wala usichague kwa picha za watalii.

Kama huna marehemu unayemkusudia, unapenda ngoma, moto na historia, na una marafiki wa kwenda nao, Edinburgh usiku na Meath mchana zitakupa unachotaka. Wenye watoto pia waanzie upande huu: barmbrack, mkate wa zabibu kavu unaofichwa pete ndani, utawafurahisha, na gwaride la jioni halichoshi. Chunguza tu tiketi mapema, kwa kuwa mahali na utaratibu vimebadilika mara kwa mara.

Kama imani yako inakukataza sadaka kwa wafu, chukua makaburi ya Lithuania na muziki wa Ayalandi. Vyote viwili unaweza kuvipokea bila kuvuka mpaka wako.

Na kama wewe ni mwimbaji, mtafute mwenzako mmoja mwenye sauti ya kimo chako. Simameni mkitazamana, mmoja ashike do, mwingine re, msijaribu kupatana. Mwanzoni kila mmoja atavutwa aende kwa mwenzake, kataeni. Mkiweza kukaa hapo pumzi tatu nzima, tafuteni warsha ya sutartinės na mpange safari ya Vilnius ya mwaka ujao.